Kudhibiti joto la oili kwenye pikipiki za zamani zinazopozwa kwa upepo: mwongozo kamili kwa wanaoendesha Tabora

Injini ya pikipiki ya zamani haina rejeta, haina maji na haina feni. Ina mapezi ya chuma au ya aluminiamu yanayopigwa na upepo, na ina oili. Wengi wetu tumezoea kuihesabu oili kuwa kilainishi peke yake, ilhali katika injini ya namna hii oili ndiyo inayofika mahali ambapo upepo hauwezi kufika: chini ya kichwa cha pistoni, kwenye beringi za krankishafti, kwenye kamu na springi za valvu. Huko inachukua joto, inashuka nalo hadi tumbo la injini, na kulikabidhi kwenye kuta zinazopozwa na upepo wa mwendo. Kwa hiyo anayetaka kujua hali ya injini yake katika jua la Oktoba la hapa Tabora, wiki chache kabla ya mvua, aiulize oili kwanza, na aiulize kwa kipimo badala ya kukisia.

Mwongozo huu unahusu pikipiki za mipigo minne, zile ambazo mafundi huziita foo stroki. Mimi ninazo mbili, na mifano mingi nitaitoa kwao. Ya kwanza ni Honda CG125, pikipiki iliyoanza kuuzwa mwaka 1976 ikiwa imebuniwa kwa kuzifikiria nchi ambako barabara ni mbaya na matunzo ni haba. Ya pili ni BSA B31 ya Uingereza, yenye silinda moja ya sentimita za ujazo 348, aina iliyotengenezwa kati ya mwaka 1945 na 1959. Tofauti yao inafaa kushikwa mapema. CG125 hubeba oili ya karibu lita moja tu ndani ya tumbo la injini, na lita hiyo hiyo inahudumia pistoni, valvu, klachi na gia. B31 hubeba oili yake kwenye tanki la pembeni, lita mbili na ushei, na giaboksi yake ina oili yake yenyewe. Lita moja hupata moto haraka na kupoa haraka. Lita mbili huchelewa kwa yote mawili, na ndiyo maana mwenye BSA anaweza kudhani mambo ni shwari kwa nusu saa nzima ya mwanzo. Wenye Suzuki TF125 na Yamaha DT za mipigo miwili hawatapata kitu hapa, kwa sababu oili yao huungua pamoja na petroli na wala hairudi kuzunguka tena.

Joto linalotakiwa

Vipimo vyote hapa ni vya nyuzi za Selsiasi, na ni vya oili iliyomo ndani ya injini baada ya mwendo wa kutosha. Kati ya nyuzi 80 na 110 injini iko mahali pake. Kati ya 110 na 120, ukiwa na mzigo mchana wa Oktoba, bado hapana sababu ya kuhangaika, ila fupisha muda wa kumwaga oili. Kuanzia 120 kuna jambo linalohitaji kutafutwa. Ikifika 130 kwa oili ya madini ya kawaida, punguza mwendo papo hapo, kwani sasa unakula maisha ya beringi.

Sababu ni mbili na zinakwenda pamoja. Ya kwanza ni kwamba oili hupungua uzito, yaani inakuwa majimaji zaidi, kadiri inavyopata moto: oili ya SAE 40 (SAE ni namba ya uzito huo iliyoandikwa kwenye chupa) ikitoka nyuzi 100 kwenda 130 hubaki na karibu nusu ya uzito wake, na utando unaotenganisha chuma na chuma hupungua vivyo hivyo. Ya pili ni kwamba oili huchoka kwa kuungana na hewa, na kasi ya kuchoka huko huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Oili iliyofanya kazi kwenye nyuzi 130 imezeeka kwa karibu mara nne ya ile iliyokaa kwenye 110 kwa saa zile zile, hata kama kwa macho zote mbili ni nyeusi sawa.

Ubaridi nao una madhara yake, ingawa watu huusahau. Pikipiki inayotoka Ipuli kwenda sokoni na kurudi, kilomita chache asubuhi na chache jioni, haifikishi nyuzi 80 siku nzima. Mvuke wa maji na petroli inayopenya kwenye ringi za pistoni havipati joto la kuvifukuza, hubaki ndani na kuchanganyika na oili. Wakati wa masika fungua kifuniko cha kujazia oili cha pikipiki ya namna hiyo, nawe utakuta chini yake utando wa rangi ya maziwa ulioganda kama mtindi. Dawa yake ni safari ya nusu saa kwa mwendo wa kawaida angalau mara moja kwa wiki.

Pima kabla ya kugusa chochote

Kuweka mkono kwenye injini hakusemi lolote. Chuma cha nyuzi 65 kinakufanya uondoe mkono, na cha nyuzi 110 kinakufanya uondoe mkono. Tofauti ya nyuzi 45 katikati huijui. Kinachofaa ni multimita yenye waya mwembamba wa kupimia joto, wa aina inayoitwa K, ambayo hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya umeme na haina gharama kubwa. Kipimajoto cha jikoni chenye sindano ndefu nacho kinafaa, ikiwa kinapima hadi nyuzi 200.

Kikague kwanza kwa maji yanayochemka, lakini hapa kuna jambo la kwetu ambalo maelekezo ya kwenye boksi hayalisemi. Tabora iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Ukitumbukiza waya kwenye sufuria inayotokota na kipimo kikasoma 96, kifaa chako ni kizima. Nimeona kijana mmoja akitupa kipimo kizuri kwa sababu kilisoma 96, akiamini ni kibovu. Wenzetu wa Kigoma, walioko kando ya ziwa chini kidogo ya mita 800, watapata 97 na kitu. Ukisoma 90 au 103 hapa Tabora, ndipo useme kifaa kinadanganya, nawe uandike tofauti hiyo na kuijumlisha au kuitoa kila unapopima.

Sasa nenda barabarani. Chagua kipande kimoja cha lami, mimi hutumia barabara ya Nzega, uende kilomita 25 au 30 kwa mwendo usiobadilika sana. Oili huchelewa kutulia. Kipimo cha dakika kumi za mwanzo hakina maana. Ukisimama, zima injini, fungua kijiti cha oili mara moja na uingize waya mpaka ncha izame kwenye oili bila kugusa ukuta wala gia. Subiri namba itulie, sekunde kama ishirini. Kwa BSA ni rahisi zaidi, kwani ukifungua kifuniko cha tanki utaona oili inayorudishwa na pampu ikitoka kwenye kibomba kidogo kwa kukatika-katika. Pima kwanza mkondo huo injini ikiwa inanguruma, kisha upime oili iliyotulia chini ya tanki. Mkondo unaorudi una joto zaidi, na huo ndio unaokuambia kinachoendelea ndani.

Andika kwenye daftari tarehe, saa, hali ya hewa, mzigo, barabara, na namba uliyopata. Fanya hivyo mara tatu kwa siku tofauti. Kipimo kimoja peke yake ni uvumi tu. Wanaotumia kile kipimajoto cha mwanga kinachoelekezwa kwa mbali wajue kwamba aluminiamu inayong'aa hukidanganya na kukifanya kisome chini sana; paka doa dogo la rangi nyeusi isiyong'aa kwenye tumbo la injini, na uelekeze hapo kila mara.

Tafuta joto linakotoka

Hapa ndipo pana kazi, na hapa ndipo watu wengi huparuka wakakimbilia kununua vitu. Oili yenye joto kupita kiasi ni taarifa. Mara nyingi haina kosa lolote. Imebeba tu joto ambalo halikupaswa kuzalishwa.

Septemba ya mwaka juzi nilirudi kutoka Sikonge na CG125 nikiwa na madumu mawili ya asali. Asali ni nzito kuliko maji. Dumu la lita 20 lina kilo 28 hivi, kwa hiyo nyuma yangu palikuwa na kilo zaidi ya 55. Nilipopima nilikuta 128. Nikaulaumu mzigo, na mtu yeyote angeulaumu. Lakini daftari lilinionyesha kwamba mwezi mmoja kabla yake, nikiwa na mfuko wa mbolea wa kilo 50 na jua lile lile, nilikuwa nimepata 113. Mzigo haukuwa umebadilika vya kutosha kueleza nyuzi 15. Nyumbani niliiacha injini ikinguruma taratibu, nikachovya brashi ndogo kwenye maji ya sabuni na kupakaza mahali kabureta inapoungana na silinda hedi. Upande wa chini, usioonekana bila kuinama, povu lilinyonywa ndani na mlio ukabadilika: ukazama, kisha ukapanda. Ile ringi ya mpira kati ya kabureta na kipande cheusi cha kuzuia joto ilikuwa imekakamaa na kupasuka kama ngozi kavu. Injini ilikuwa ikivuta hewa isiyopita kwenye kabureta, mchanganyiko ukawa na petroli haba, na mchanganyiko wa namna hiyo huipa silinda hedi joto kubwa zaidi. Ringi mpya ilinigharimu pesa ya soda mbili. Wiki iliyofuata, barabara ile ile na mzigo unaokaribiana, nilipata 114.

Kwa hiyo anza na hewa inayopenya. Kagua mpira na gaskiti zote kati ya kabureta na silinda hedi kwa maji ya sabuni. Usitumie petroli kwa jaribio hili kama wanavyofanya baadhi, kwa sababu injini iko na moto na cheche zipo. Halafu ukague kabureta yenyewe: jeti kuu, kile kitundu kinachopitisha petroli, isiwe imeziba nusu kwa vumbi, na kiwango cha petroli kwenye kibakuli kiwe sahihi. Wanaotoa filta ya hewa wakidhani pikipiki itapumua vizuri wanaongeza hewa bila kuongeza petroli, na juu ya hayo wanazipa ringi za pistoni vumbi la Tabora lisage silinda. Mwinuko wetu una msaada wake katika hili: hewa ya hapa ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya kumi kuliko ya Dar es Salaam, hivyo kabureta iliyopangwa pwani hapa hutoa petroli nyingi kidogo, jambo ambalo halichomi injini. Hatari iko kwa aliyepunguza jeti yake hapa ili pikipiki iwe nyepesi, kisha akaishusha pwani bila kuirudisha.

Baada ya hewa, taimingi, yaani wakati cheche ya plagi inapotoka. Injini nyingi za zamani hutumia pointi, swichi ndogo inayofunguka ili cheche itoke, na pointi zina kisigino kidogo kinachosugua kwenye kamu. Kisigino hicho kikilika, nafasi ya pointi hupungua na cheche huchelewa. Cheche inayochelewa hufanya moto uendelee kuwaka wakati valvu ya kutolea moshi inafunguka, na joto ambalo lingesukuma pistoni linaishia kwenye silinda hedi na bomba la ekzosi. Dalili ni pikipiki kuwa nzito kupanda, na bomba kubadilika rangi karibu na silinda. Kwenye CG125 weka pointi nafasi ya milimita 0.3 hadi 0.4, kisha hakikisha zinafunguka alama ya F inapokutana na alama ya kwenye injini. Taa ndogo ya betri iliyounganishwa na pointi itakuonyesha kwa usahihi ambao jicho haliwezi. Pikipiki nyingi za Uingereza za zama zile zina kimkono kwenye usukani cha kuwahisha na kuchelewesha cheche. Mwendeshaji hukichelewesha wakati wa kupiga kiki na kusahau kukirudisha, akaenda kilomita 40 akijiuliza kwa nini injini inachemka. Lakini usiwahishe cheche kupita alama kwa tamaa ya nguvu. Ukisikia mlio kama changarawe zinazogonga bati unapofungua mafuta ukiwa na mzigo, cheche imewahi mno au petroli si nzuri, na hilo hutoboa pistoni.

Tatu, tapeti, yaani nafasi ndogo inayoachwa kati ya valvu na kinachoisukuma. Valvu ya kutolea moshi hupoa pale inapokaa kwenye kiti chake. Tapeti ikikaza, valvu haifungi sawasawa, haipati muda wa kukabidhi joto, na mwisho huungua ukingo. Kwenye CG125 nafasi ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili injini ikiwa baridi kabisa, yaani imelala usiku mzima. Pima kwa fila geji, yale mabamba membamba ya kupimia nafasi; bamba liingie kwa kusuguana kidogo, lisilegee wala kulazimishwa. Wenye silinda hedi za chuma cha kalibu, kama B31, wapime mara kwa mara zaidi, kwa sababu petroli ya sasa haina risasi, na viti vya valvu vilivyozoea risasi hulika polepole na nafasi ya tapeti huzidi kubana.

Mengine ni ya kukagua haraka. Inua gurudumu la nyuma na ulizungushe kwa mkono. Likikwama baada ya mzunguko mmoja, breki inashika au cheni imekazwa mno, na injini inasukuma mzigo usiouona. Cheni icheze sentimita mbili hadi tatu. Tazama pia mwisho wa ekzosi ikiwa pikipiki ilikaa muda mrefu bila kutumika, kwa maana nyigu wa udongo hupenda kujenga humo.

Oili yenyewe

Kwa joto letu, oili ya madini ya 20W-50 au SAE 40 ndiyo inayofaa pikipiki nyingi za aina hii. Namba ya 50 maana yake oili ina uzito kati ya sentistoki (kipimo cha uzito huo) 16.3 na 21.9 kwenye nyuzi 100. Ya 40 iko kati ya 12.5 na 16.3. Wale ambao klachi yao inaogelea kwenye oili ya injini, kama CG125, wachague chupa yenye alama ya JASO MA, inayoonyesha kwamba oili inafaa klachi za namna hiyo. Oili nyingi za magari ya kisasa zina viungo vya kupunguza msuguano, navyo huifanya klachi iteleze; klachi inayoteleza huzalisha joto lake na kulimwaga moja kwa moja kwenye ile lita moja. Kwa BSA, yenye klachi na giaboksi za pembeni, SAE 40 inatosha na SAE 50 inafaa kwa Septemba na Oktoba.

Nunua chupa ambayo lakiri yake haijaguswa, kutoka kwa mtu unayeweza kumrudia. Oili feki ipo sokoni na haitambuliki kwa rangi.

Kiwango ni muhimu kuliko jina la chupa. Kwenye injini ya lita moja, upungufu wa robo lita umeondoa robo nzima ya kinachobeba joto. Lakini kuzidisha nako kunadhuru, kwani krankishafti huipiga oili, huijaza povu, na kuipasha moto kwa kuikoroga tu. Pima pikipiki ikiwa imesimama wima mahali palipo sawa, na usome maelekezo ya aina yako kama kijiti kinaingizwa bila kufungwa au kikiwa kimefungwa. Mwenye BSA iliyolala wiki nzima asijaze tanki kwa sababu ameona limepungua. Kivalvu kidogo cha kuzuia kikichoka, oili hushuka yenyewe kutoka kwenye tanki hadi tumbo la injini. Apige injini kwanza, aiache irudishe oili kwa dakika mbili tatu, ndipo apime.

Mwaga oili ikiwa na moto, vaa glavu, na iache itiririke mpaka iwe matone. Katika mazingira yetu, kila kilomita 1,000 hadi 1,500 si mapema. Mara moja kwa kila umwagaji wa tatu au wa nne, fungua upande wa klachi wa CG125 usafishe filta ya mzunguko, kikombe kinachozunguka na kutupia uchafu ukutani mwake. Ndani ya kikombe hicho utakuta tope la kijivu iliyokoza limejibandika ukutani kwa unene wa kucha, laini kama udongo wa mfinyanzi, na ukilipitisha kati ya vidole viwili unasikia punje za chuma. Lile tope lingekuwa ndani ya beringi. Likijaa, oili inayofika juu huanza kubeba uchafu pamoja na joto. Safisha pia chujio la waya lililo chini. Oili chafu usiimwage uani. Watu wanaipaka kwenye nguzo za uzio kuzuia mchwa, na mimi huwapa majirani kwa kazi hiyo.

Saidia joto litoke

Angalia mapezi. Masika yakiisha, udongo mwekundu uliorukia kwenye injini hukauka katikati ya mapezi, na mahali palipo na oili inayovuja hata kidogo hugeuka ganda gumu. Ganda hilo ni blanketi. Subiri injini ipoe kabisa, paka mafuta ya taa, acha robo saa, halafu chokonoa kwa kijiti cha mti laini na brashi ya nyuzi ngumu. Usitumie bisibisi, mapezi ya zamani huvunjika kama biskuti. Osha kwa maji ya sabuni na ukaushe. Usimwagie maji ya baridi injini yenye moto hata kama umekwama porini, kwa sababu chuma cha kalibu hupasuka na silinda hedi ya aluminiamu hupinda. Ukitaka kupaka rangi, tumia rangi nyeusi isiyong'aa na uipake nyembamba mno. Rangi nene ya kung'aa ni blanketi jingine.

Kisha chuchumaa mbele ya pikipiki utazame upepo unapopita. Vitu vilivyofungwa kwenye chuma cha kinga, vikinga miguu vya plastiki, na mifuko inayoning'inia mbele ya silinda, vyote vinanyang'anya injini upepo wake. Kwa B31, yenye silinda na hedi za chuma cha kalibu, hili lina uzito zaidi, kwa kuwa chuma hicho hupitisha joto kwa kasi isiyofika nusu ya aluminiamu.

Uendeshaji

Mkono wako wa kulia ndio unaoamua zaidi ya kitu kingine chochote. Joto hufuata kiasi cha petroli unachochoma, na upoaji hufuata upepo. Sehemu mbaya kuliko zote ni mchanga mzito, kama ule wa njia za ndani kuelekea mashamba ya tumbaku ya Urambo, ambapo unatumia gia ya pili, injini inazunguka kwa kasi, na upepo haupo. Pita sehemu hizo asubuhi ukiweza. Baada ya kutoka kwenye mchanga usisimame papo hapo. Endesha kilomita mbili tatu kwa mafuta kidogo na gia ya juu, ili upepo uchukue kilichokusanyika. Kusimama ghafla huku injini ikinguruma ndiko kunakopandisha joto la silinda hedi bila kitu cha kulipunguza.

Upepo wa mgongoni nao huponza watu. Wakati wa kiangazi pepo zetu hutoka kusini-mashariki. Anayekwenda magharibi alasiri kwa kilomita 50 kwa saa, huku upepo ukimsukuma kwa 20, mapezi yake yanaona upepo wa 30 tu. Pikipiki huonekana nyepesi, mwendeshaji hufurahi na kuongeza mafuta, na oili hupanda bila yeye kujua.

Ukisikia nguvu inapotea bila sababu na sauti ya injini inakuwa kavu, vuta klachi, zima, na uache pikipiki itembee yenyewe hadi kivulini. Hapo pistoni imeanza kutanuka kuliko silinda. Subiri nusu saa nzima, pima oili, ongeza ikipungua, na urudi nyumbani polepole. Usiipige kiki kabla ya muda huo.

Kipozea oili

Kipozea oili ni kama rejeta ndogo inayopitisha oili mbele ya upepo, nami nimekiweka mwisho kwa makusudi. Watu wengi huuliza habari za kipozea oili kabla hawajapima hata mara moja, na kipozea kikifungwa kwenye injini yenye taimingi mbovu hupunguza namba kwenye daftari huku valvu ikiendelea kuungua. Kama umefanya yote yaliyotangulia na bado unapita nyuzi 120 kwa kazi yako ya kila siku, basi kifikirie. Kwa injini yenye tanki la pembeni, kama BSA, kifungwe kwenye njia ya oili inayorudi tankini, kamwe kisiwe kwenye njia inayokwenda kwenye pampu, maana pampu za zamani hazina nguvu ya kuvuta oili nzito kupitia mirija myembamba. Tumia mpira uliotengenezwa kwa oili yenye moto; ule wa petroli hulainika na kuchomoka, na oili ikimwagikia gurudumu la nyuma utaanguka. Kwa CG125 nashauri usifunge, kwa sababu kutoboa njia ya oili kwenye injini ambayo haikupangwa hivyo kunaleta matatizo kuliko faida.

Ukishafunga, jaza tena oili kwa kiwango, kwani kipozea na mirija vimebeba sehemu yake. Kisha pima Oktoba mchana, na upime tena Juni au Julai alfajiri, wakati hewa ya Tabora inaweza kushuka hadi nyuzi 15. Ikiwa asubuhi hizo oili haifiki 80 baada ya kilomita 25, kata kipande cha bati, kifunge mbele ya kipozea kwa waya, na ukiondoe Agosti joto linaporudi.